Simu Isiyopigwa na Mtu

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Mbezi Beach, na msimamo wake kuhusu teknolojia ni mmoja tu: "Simu ikilia nitapokea. Hayo mengine ya kuparaza kioo mtafutie mwingine, baba." Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, yaani baba yake mzazi, na akishaniita hivyo mjadala umefungwa. Kwa hiyo nyumba yake ina vihisio na swichi za kila namna, lakini haimtumii ujumbe wala picha. Inampigia. Maji yakipungua kwenye tanki la juu, simu ya mezani inalia na sauti inamweleza. Mtu akibonyeza kengele ya geti, simu zote za ndani zinalia. Akitaka taa za uwani ziwake anainua mkonga, anabonyeza namba tatu, zinawaka.

Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ndogo iliyofichwa kwenye kabati chini ya ngazi, ikiwa na programu mbili. Ya kwanza ni Asterisk, mtambo wa simu ulioanza kuandikwa na Mark Spencer mwaka 1999 huko Alabama, Marekani. Alikuwa anaanzisha kampuni na hakuwa na fedha za kununua mtambo wa simu wa ofisi, akaamua kujiandikia wa kwake, kisha akaugawa bure. Ya pili ni Home Assistant ya Paulus Schoutsen, iliyoanza mwaka 2013. Hiyo ndiyo inayosimamia vihisio, pampu na taa. Ikiona jambo, inaiomba Asterisk ipige simu. Mazungumzo hayo yote yanaishia ndani ya ukuta wa nyumba. Mei 2024, kebo za baharini zilipokatika na intaneti nchini ikawa ya kubahatisha, kengele ya geti kwa Shangazi iliendelea kulia kama kawaida.

Namba za ndani zinaanzia 201. Mafundi wenzangu huuliza kwa nini nisianzie 101 kama watu wengine. Ni kwa sababu 112 ni namba ya dharura na 114 ni ya zimamoto, na simtaki mtu anayebonyeza 114 huku jiko limejaa moshi aishie kuamsha mgeni chumba cha nyuma.

Kilichonirudisha kwenye lile kabati ni kalenda. Mtambo ulikuwa toleo la 18, lililotoka Oktoba 2020. Matoleo ya Asterisk ya muda mrefu hupewa miaka minne ya marekebisho ya kawaida na mwaka mmoja wa viraka vya usalama, basi. Oktoba 2025 huo muda ukawa umekwisha. Nikaamua kwenda toleo la 22, la Oktoba 2024, ambalo nalo ni la muda mrefu. Ukiitazama kwa namba ni hatua nne tu, lakini katikati hapo kuna toleo la 21, na hilo liling'oa vitu viwili vilivyokuwa vimezoeleka mno. Cha kwanza ni chan_sip, moduli ya zamani ya kuongea na simu za SIP, yaani simu zinazoitana kupitia mtandao wa kompyuta. Sasa imebaki pjsip peke yake, iliyoingia na toleo la 12 mwaka 2013. Cha pili ni Macro, ambayo sisi wa zamani tuliitumia kuandika maelekezo yanayojirudia. Siku hizi ni Gosub. Mtu anayesasisha mtambo wa aina hii asianze na orodha ya mambo mapya yaliyoongezwa. Hayo hayatamuumiza. Asome orodha ya vilivyoondolewa, tena kwa matoleo yote aliyoyaruka.

Mipangilio yenyewe haikunisumbua sana. Simu moja iliyokuwa inaelezwa kwa aya moja, kwenye pjsip inagawanywa mara tatu: simu yenyewe, nywila yake, na mahali inapopatikana. Asterisk inakuja na skripti, yaani programu ndogo, ya kubadilisha faili la zamani kuwa jipya. Niliitumia kupata mwanga, kisha nikaandika upya kwa mkono, maana nyumba ina simu chache na kila moja naijua tabia zake.

Nikajaribu kwanza kwangu, Sinza. Kompyuta nyingine, nakala ya mipangilio, simu za programu za Linphone kwenye simu yangu na kwenye laputopu. Zikajisajili kwenye mtambo, zikapigiana, sauti ikapita pande zote mbili. Jaribio la mwangwi, lile unaloongea na mtambo ukakurudishia maneno yako, likatoka safi bila kuchelewa. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa shwari. Majaribio ya mezani ninayaheshimu, ila yana kasoro ambayo hairekebishiki: meza inajibu maswali uliyoiuliza wewe. Na maswali niliyoiuliza yalikuwa ya mtu anayepiga simu.

Nilipofika Mbezi sikugusa simu hata moja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tanki.

Sababu ni hii. Simu inayopigwa na mtu ina mkaguzi wake. Simu ya sebuleni ikifa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana Shangazi atakuwa ameazima simu ya dada wa jikoni ananipigia. Lakini simu ya tanki haipigwi na mtu. Inapigwa na boya la tanki likilala maji yakipungua, pengine mara moja kwa mwezi, pengine hata hiyo hakuna maji ya bomba yakiwa mazuri. Ikifa hakuna wa kulalamika, kwa sababu ukimya wake ukiwa mzima na ukimya wake ukiwa umekufa ni ule ule. Utajua siku umepaka sabuni mwili mzima.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, fundi. Leo tena unapanda?"

"Napanda, nishikie ngazi."

Mlinzi ni mtu mzima, amekaa pale miaka mingi kuliko huo mtambo, na nilishamwomba mara nyingi anishikie ngazi hadi hahitaji maelezo. Dada nilimwacha jikoni aiangalie simu ya ukutani. Nikafunua mfuniko, nikalivuta boya nje ya maji likaning'inia kichwa chini, kama vile tanki limekauka. Home Assistant imepangwa isubiri dakika mbili kabla ya kuamini, maana maji yakitikisika boya hucheza. Tukasubiri. Dakika mbili zikapita, zikaongezeka nyingine.

"Kaka, haijalia!" sauti ikatoka jikoni.

Nikashuka nikafungua kumbukumbu za mtambo. Asterisk ilikuwa imeandika, bila kelele, kwamba haina aina ya njia inayoitwa SIP. Ombi la simu ya tanki ni faili dogo la maandishi ambalo Home Assistant hulidondosha kwenye folda ya Asterisk, na mstari wake wa kwanza unataja simu ya kupigiwa: SIP/203. Kwa mtambo mpya inatakiwa iwe PJSIP/203. Mpango wote wa upigaji, yaani maelekezo ya namba ipi iite simu ipi, ulikuwa umeshabadilishwa, lakini mstari huu haukai kwenye mpango wa upigaji. Unakaa upande wa pili kabisa, kwenye mipangilio ya Home Assistant, ambako skripti ya kubadilisha haifiki na macho ya fundi wa simu hayana kazi ya kufika.

Hapo ndipo nikaitafuta herufi "SIP/" kwenye diski nzima badala ya folda za simu peke yake. Zikatoka nyingine: onyo la friza ikipoteza ubaridi, na lile la kila Jumamosi la kumkumbusha mlinzi awashe jenereta ipate kuzunguka kidogo. Zote ni simu zisizopigwa na mtu. Nikazibadilisha, kisha nikazilazimisha zilie moja moja kwa kuchokoza kihisio chenyewe. Kubonyeza kitufe cha kujaribu kwenye skrini hakutoshi: kihisio cha friza nilikitoa nikakishika kiganjani mpaka joto likapanda na simu ikaita. Ni kazi ya kuchosha, lakini njia nzima kuanzia kihisio hadi spika ya simu ndiyo kitu kinachotakiwa kufanya kazi, na kila kipande cha katikati kinaweza kuwa kizima peke yake huku njia imekatika.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu hayo mafaili ya maombi, nalitaja kwa faida ya anayejenga kitu kama hiki. Faili lisiandikwe moja kwa moja ndani ya folda inayoangaliwa na Asterisk. Liandikwe pembeni kwenye diski ile ile, likishakamilika ndipo lihamishwe. Asterisk haina subira. Ikiona faili jipya inalisoma hapo hapo, na ikilikuta nusu basi ombi limepotea.

Baada ya tanki, geti.

Simu ya getini ina kitufe kimoja na spika. Mgeni akibonyeza, mwenyeji anapokea ndani, wanasalimiana, kisha wa ndani anabonyeza 9 na geti linafunguka. Kutoka sebuleni ilifunguka. Kutoka jikoni ilifunguka. Tukaenda kwenye simu ya chumbani kwa Shangazi, ambayo ni ile ya zamani yenye waya wa kujikunja, inayopitia kwenye adapta ili iweze kuongea na mtambo wa kisasa. Nikabonyeza 9. Kimya. Nikabonyeza tena, nikashikilia.

"Nasikia piii huku," mlinzi akasema kwenye spika. "Inapiga piii lakini geti limelala."

Kauli hiyo ilinitosha kujua tatizo liko wapi. Namba unayobonyeza katikati ya mazungumzo inaweza kusafiri kwa njia mbili. Inaweza kwenda kama sauti, ule mlio wenyewe ukichanganyika na maneno, au kama pakiti ya pembeni isemayo "amebonyeza tisa," kwa utaratibu ulioandikwa kwenye waraka wa RFC 4733. Simu ya getini inaelewa pakiti tu. Adapta ya chumbani ilikuwa inatuma sauti. Mtambo wa zamani ulikuwa umeambiwa kuisikiliza simu ile, ukisikia mlio wa tisa uugeuze kuwa pakiti, na watu wakaishi bila kujua kuna mkalimani katikati. Kwenye pjsip chaguo la kawaida ni pakiti, kwa hiyo mkalimani aliondoka na mlio ukapita ulivyo hadi kwenye sikio la mlinzi. Ndiyo maana yeye aliusikia na geti halikuusikia.

Tiba ni mbili: kumwambia pjsip airudishe kazi ya kusikiliza kwa simu ile moja, au kuibadilisha adapta itume pakiti kama wenzake. Nikachagua ya pili. Mlio unaosafiri kama sauti ni dhaifu; ukipita kwenye kodeki (namna ya kufungasha sauti kwa safari) inayobana sana, kama G.729 yenye kilobiti 8 kwa sekunde, unafika umepondeka na hautambuliki. Ndani ya nyumba tunatumia G.711 ya kilobiti 64, ambayo haiupondi, ila sipendi geti litegemee uchaguzi wa kodeki ambao fundi mwingine anaweza kuubadilisha kesho kwa sababu zake nyingine kabisa.

Nimewahi kusikia watu wakisema jaribio la sasisho limekwisha simu zikishajisajili. Kujisajili kunaonyesha kwamba simu imeweza kubisha hodi kwenye mtambo, hakusemi chochote kuhusu sauti wala geti. Taarifa za kuita zinapita mlango mmoja wa mtandao, kwa kawaida namba 5060, na sauti inapita kwenye milango mingine kabisa. Mipangilio ya mfano ya Asterisk hutaja ile ya 10000 hadi 20000. Unaweza kuwa na simu inayoita vizuri, mkaongea, na mmoja wenu asisikie neno. Kwa hiyo pale kwa Shangazi kila simu lazima iongee na kila simu, na watu wa pande zote mbili waseme kitu ambacho mwenzake atakirudia. Dada na mlinzi wanaifanya kwa kutajiana bei za sokoni, na wakifika kwenye nyanya mazungumzo yanarefuka kuliko jaribio linavyohitaji.

Jaribio ambalo Sinza lisingewezekana ni la umeme.

Nilisubiri Shangazi aende kwenye kikao chake cha vikoba, maana hapendi nyumba izimwe akiwepo. Nikashusha swichi kubwa. Kompyuta ina betri yake, ikabaki hai. Ruta na simu zote vikazima, kwa sababu betri ile haitoshi kubeba nyumba nzima. Nikaacha muda kidogo, nikapandisha. Vitu vikaanza kuamka kimoja kimoja: ruta kwanza, kisha simu, taa zake zikimetameta. Simu ya sebuleni ikarudi. Ya mlinzi ikarudi. Ya jikoni ikagoma, na ya chumbani ikagoma.

Kwenye kumbukumbu, Asterisk ilikuwa inazikataa kwa jibu la 403, ikieleza kwamba simu ya jikoni imeshafikisha idadi ya mahali inaporuhusiwa kuwa. Mahali pamoja. Ruta ilipozima ilisahau ilimgawia nani anwani gani, ilipoamka ikagawa upya, na simu mbili zikapata anwani tofauti na za mwanzo. Mtambo, ambao haukuzima, bado ulikuwa umeandika kuwa simu ya jikoni inakaa kwenye anwani ya zamani. Ikaja simu yenye jina lile lile na nywila ile ile kutoka anwani nyingine, mtambo ukaiona kama mtu wa pili. Na ungeendelea kuikataa hadi usajili wa zamani uishe muda, ambao kwa mipangilio ya kawaida ni sekunde 3600. Saa nzima. Kuuwasha upya mtambo hakusaidii, kwani pjsip huhifadhi usajili kwenye hifadhidata ya diski ili isiupoteze.

Niseme ukweli, walioandika utaratibu huo si wajinga. Idadi ya mahali isipotajwa kabisa ni sifuri, yaani simu haiwezi kujisajili hata kidogo, na kuweka moja ni ulinzi mzuri dhidi ya mtu aliyeiba nywila. Bali waliandika kwa ajili ya mahali ambapo umeme ukikatika ni habari. Kwetu ni sehemu ya mazingira, kama chumvi kwenye hewa ya pwani, na sasisho lililojaribiwa bila kukata umeme halijajaribiwa. Kuna mpangilio unaoitwa remove_existing. Ukiuwasha, usajili mpya unamwondoa wa zamani na kukaa mahali pake. Kwenye mtambo ulio wazi kwa intaneti ningefikiri mara mbili, kwa sababu mwizi wa nywila naye angeweza kumwondoa mwenye simu. Mtambo huu haufikiki kutoka nje, nikauwasha. Kisha nikaiambia ruta kila simu iwe na anwani yake ya kudumu. Nikashusha swichi tena, nikapandisha tena. Zote zikarudi zenyewe.

Nikafanya na lile jaribio baya zaidi: kuzima kila kitu pamoja na betri, kama inavyotokea umeme ukikatika usiku mrefu na betri ikaishiwa. Hapo kila kifaa kinaamka kwa wakati mmoja na hakuna aliye tayari kumhudumia mwenzake. Lilipita, ingawa simu zilichukua dakika kadhaa kutulia.

Shangazi aliporudi akakuta tumemaliza, akataka naye ajaribu. Hapo ndipo majaribio yanapokuwa majaribio kweli. Yeye hapigi simu kama mimi. Anafungua daftari lake, anavaa miwani, anasoma tarakimu tatu, anazibonyeza, anarudi kwenye daftari. Namba za simu za mkononi hapa kwetu ni tarakimu kumi zinazoanza na 06 au 07, na akifika ya sita adapta ya chumbani ikawa imekwisha chukulia kwamba amemaliza, ikazituma zilizopo, na mtambo ukamjibu hakuna namba kama hiyo.

"Hii simu ina haraka ya kwenda wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimesasisha programu ya adapta siku hiyo hiyo, na sasisho likairudisha saa yake ya kusubiri kwenye sekunde chache za kiwandani. Nikairefusha. Halafu nikaiandikia adapta yenyewe umbo la namba za Tanzania, kwamba ikianza na 06 au 07 isubiri hadi zifike kumi, ili isitegemee saa peke yake. Fundi mwenye vidole vya haraka asingeliona tatizo hili maisha yake yote.

Sauti za mtambo ni za dada wa jikoni. Asterisk haina kifurushi rasmi cha sauti za Kiswahili, kwa hiyo tulimrekodi, sampuli 8000 kwa sekunde, chaneli moja, kama mtambo unavyotaka. Wakati wa kwanza tulijaribu mtambo uunganishe namba wenyewe, useme tanki limebaki asilimia ngapi. Ukawa unasema "ishirini tano," kwa sababu kwa utaratibu wake wa kawaida unaziweka ishirini na tano kandokando bila kiunganishi. Shangazi, ambaye amefundisha darasa la tatu kwa miaka, hakuvumilia. Tukaacha asilimia, tukarekodi sentensi nzima: tanki limebaki nusu, tanki limebaki robo, tanki limekwisha, zima pampu. Ni bora hivyo hata kiufundi. Faili moja zima ama lipo ama halipo, na kulijaribu ni kulisikiliza mara moja. Nikaziweka kwenye folda yake ya peke yake, isije kifurushi cha sauti za Kiingereza kikazifunika siku ya sasisho.

Ya laini ya nje nitayapita haraka. Zamani tulikuwa na modemu ya USB iliyochomekwa kwenye kompyuta, ikitumia moduli ya chan_dongle, ambayo si ya Asterisk yenyewe. Moduli ya namna hiyo hujengwa kwa toleo moja la mtambo. Ukibadilisha toleo inakataa kupakiwa mpaka uijenge upya. Nilishachoka. Sasa laini iko kwenye kisanduku chake kinachoongea SIP kama simu nyingine yoyote, na sasisho la mtambo halikigusi.

Kwa sababu hiyo hiyo siku hizi sisasishi Asterisk na Home Assistant siku moja. Home Assistant hutoa toleo jipya kila mwezi na ni rahisi kubonyeza tu ukaendelea na shughuli zako. Lakini tangu 2023 ina kipengele chake cha simu kinachosikiliza mlango wa 5060, ule ule wa Asterisk, na kompyuta ni moja. Anayewahi kuamka ndiye anayeuchukua. Ukiwa umesasisha zote mbili asubuhi moja na simu zikanyamaza, utapoteza muda mrefu ukimhoji asiye na kosa. Kwa Shangazi kipengele hicho kimezimwa, na diski ya toleo la zamani iko droo ya sebuleni, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, ili hata mpwa mwingine aweze kuirudisha mahali pake.

Sasa amekuja na ombi jipya. Kama nyumba inaweza kumwambia maji yamebaki robo, kwa nini isimwambie LUKU imebaki ngapi kabla taa hazijazimika katikati ya taarifa ya habari? Nimeitazama mita. Ina taa ndogo nyekundu inayomweka kadiri umeme unavyotumika, na pembeni imeandikwa mimweko 1000 ni uniti moja. Kihisio cha mwanga kinaweza kubandikwa juu yake bila kugusa waya wowote, kikahesabu, na Home Assistant ikatoa kwenye uniti alizonunua. Tabu iko kwenye majaribio: kompyuta ikizima hata dakika moja bila umeme kukatika, mimweko ya dakika hiyo imepotea, na hesabu itakuwa inaahidi umeme ambao haupo. Itabidi kihisio kiwe na kumbukumbu yake na betri yake, na hesabu ilinganishwe na mita yenyewe kila anaponunua. Nimemwambia baada ya masika. Amesema sawa, ila sentensi ya onyo ameshamwandikia dada, na wameirekodi.